Mwili Niliokabidhiwa



Mwaka jana, Jumanne ya juma la Pasaka, mtoto wangu wa ubatizo alikuja kunisalimu nyumbani kwangu, hapa Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu. Ana umri wa miaka 22, yumo katika kikundi cha vijana cha parokia yetu, na wakati ule alikuwa amekwisha kuposwa. Ndoa ilipangwa kufungwa mwezi wa nane. Baada ya chai aliinuka akafunga mlango, akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mama, watu wa nyumbani kwa mchumba wangu wanasema mimi ni mkavu kama kijiti. Nataka nipate mwili kama wako kabla ya siku ya ndoa.» Akafungua fundo la kitenge chake, akanionyesha vidonge vidogo vilivyofungwa katika kipande cha karatasi. Alikuwa amekwisha kuvimeza kwa majuma matatu.

Juu ya meza ile ile kulikuwa na vidonge vyangu mimi: vya kushusha shinikizo la damu na vya kupunguza sukari katika damu. Nilikuwa na kilo 96, na nilikuwa nimetumia miaka minne kupambana na mwili ule ule ambao yeye aliutamani. Ama vile vidonge vyake, nilivitambua mara moja. Nilipokuwa na umri kama wake nilivimeza mimi pia. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu, hata daktari wangu.

Siku hiyo nilimwambia. Na kwa kuwa nilimwambia yeye, naona ni haki niwaambie nanyi.

Najua kwamba baadhi yenu mtauliza: je, ni wakati wa kuzungumzia unene katika nchi ambamo familia nyingi hupika mara moja tu kwa siku? Swali hilo nimejiuliza mara nyingi, na lilinifanya ninyamaze kwa muda mrefu. Kulalamika juu ya uzito mbele ya jirani asiye na unga kulionekana kwangu kuwa ni dharau. Lakini njaa na unene si mbali kama tunavyodhani. Katika nyumba moja mtoto anaweza kudumaa kwa kukosa chakula bora, na mama yake akanenepa kwa kula bugali na mafuta tu, kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha kwa bei ndogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na ugonjwa wa unene. Hao si matajiri wa Ulaya na Marekani peke yao. Wamo pia kwenye korali zetu, na mimi ni mmoja wao.

Niliolewa nikiwa na miaka 23. Mwaka mmoja kabla ya ndoa, shangazi yangu mmoja aliniletea vidonge, akaniambia ni vitamini za kuleta mwili. Alikuwa na nia njema. Machoni pake, bibi arusi mwembamba alikuwa aibu kwa ukoo, ishara kwamba nyumbani kwao hakuna chakula. Nilivimeza kwa miezi mitano. Mashavu yalijaa, nyonga zikapanuka, njaa ikawa haina saa. Watu walinisifu sana. Walisema Mungu amenibariki, na mimi niliamini kwamba baraka huonekana mashavuni.

Baada ya ndoa niliviacha, lakini uzito haukuniacha. Wakaja watoto wanne, na kila mmoja aliniachia kilo kadhaa. Kazi yangu ilikuwa ya kuketi kutwa nzima nyuma ya cherehani. Nilipofika miaka 38 sikuweza kupanda kutoka sokoni hadi nyumbani bila kusimama mara tatu, na magoti yaliniuma hata usiku. Bado watu walinisifu. Katika lugha zetu, kusema «umenenepa» ni salamu ya heshima.

Heshima hiyo ilikoma siku moja ya mazoezi ya korali, tulipokuwa tukijiandaa kwa sikukuu ya parokia. Benchi niliyokaa ilivunjika. Niliangukia sakafuni pamoja na mama mmoja mzee, na vijana waliokuwa nyuma wakacheka. Kicheko kile ningeweza kukisamehe papo hapo, kwa kuwa anguko la mtu huchekesha hata wema. Lakini juma lililofuata nilisikia kwamba nimepewa jina: Mama Kontena. Niliacha korali kwa miezi minane. Nilisema kwamba nina kazi nyingi za kushona. Waliocheka siku ile wengine sasa ni wazazi, na ninawapenda. Nalitaja jambo hili kwa sababu nadhani hawakujua kwamba niliacha kuimba kwa ajili yao.

Ndipo nilipoanza kutafuta dawa, na nilianza kwa kutafuta muujiza. Kwanza nilinunua majani ya chai ambayo muuzaji alisema yanayeyusha mafuta. Yalinipeleka msalani mara sita kwa siku. Mizani ilishuka kilo tatu katika juma moja, nikashangilia. Nilipoacha kuyanywa, kilo zile tatu zilirudi katika siku chache, kwa kuwa nilichokuwa nimepoteza kilikuwa maji tu.

Kisha ikaja Kwaresima. Niliamua kwamba nitafunga kuliko Kanisa linavyodai: maji tu mchana kutwa, na bakuli dogo la uji jioni. Niliwaambia watu kwamba ninafunga kwa ajili ya amani ya nchi. Ilikuwa kweli kwa nusu. Nusu nyingine nilikuwa nafunga kwa ajili ya gauni la Pasaka. Nilipungua kilo tisa. Kwenye mkesha wa Pasaka nilirudi kuimba katika korali, nikasifiwa tena, safari hii kwa kupungua. Ilipofika sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, nilikuwa nimerudisha zile tisa na kuongeza nne juu yake. Nilikuwa na kilo 108.

Nilikwenda kuungama. Nikasema: «Padri, nina dhambi ya ulafi, nayo inaonekana kwa macho.» Padri aliyenisikiliza hakuwa na haraka. Aliniuliza nilikula nini jana yake. Nikamwambia: chai yenye sukari na mkate asubuhi, bugali na sombe mchana, bugali na maharagwe usiku. Akauliza kama nilimnyima mtu chakula, kama nilikula kwa pupa, kama nilitamani vyakula vya gharama. Nikajibu hapana. Ndipo aliponieleza kwamba Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 590 hadi 604, alitaja namna tano za ulafi: kula kabla ya saa yake, kutafuta vyakula vya gharama, kudai mapishi ya anasa, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Thomas wa Akwino alizirudia namna hizo tano katika maandishi yake, naye mapokeo yanasema alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Katika namna hizo zote hakuna inayopimwa kwa mizani. Mtu mwembamba anaweza kuwa mlafi, na mnene anaweza kuwa mtu wa kiasi.

Kisha akaongeza neno lililonichoma: «Mama, sioni ulafi wako. Naona mfungo ulioufanya ili utazamwe. Hilo uliungame. Na kuhusu uzito, nenda kwa daktari.»

Nilikwenda. Muuguzi alinipima: urefu wa mita 1.60, kilo 108, shinikizo la damu 170 kwa 100, na sukari iliyokwisha kuvuka mpaka wa ugonjwa. Daktari alichukua karatasi, akagawanya uzito wangu kwa urefu uliozidishwa kwa urefu. Jibu lilikuwa 42. Akanieleza kwamba kuanzia 25 mtu amezidi uzito, kuanzia 30 ni ugonjwa wa unene, na kuanzia 40 ni daraja lake zito kabisa. Nilingoja anikaripie. Badala yake aliniuliza: «Umejaribu mara ngapi kupungua?» Nikamsimulia habari za majani na za Kwaresima. Akasema kwamba mwili wangu ulikuwa umefanya kazi ambayo miili yote hufanya.

Maelezo yake ndiyo yaliyonitoa gizani, kwa hiyo nayaandika hapa. Mafuta ya mwilini si mzigo uliolala kama gunia. Seli zake hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu anapopungua, leptini hupungua pia, na ubongo huona kwamba njaa kuu imeingia. Huongeza hamu ya kula na kubana matumizi ya nguvu. Hakuna kiburi wala uvivu katika jambo hilo. Ni ulinzi ambao Muumba ameuweka mwilini, nao umewaokoa wazee wetu katika miaka ya ukame na ya vita. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 14 waliopunguza uzito mwingi sana katika mashindano ya televisheni. Baada ya miaka sita, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito ule, na miili yao ilikuwa bado inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Watu hao walikuwa wamefanya mazoezi kwa bidii kuliko wengi wetu. Ni nani atakayewaita wavivu?

«Kwa hiyo», daktari akasema, «unene ni ugonjwa wa muda mrefu, kama shinikizo la damu. Hatukupi dawa ya shinikizo kwa siku arobaini kisha tukakuaga. Na huu tutautibu hivyo hivyo: kidogo kidogo, na bila kuacha.»

Kisha akanipangia tiba zilizopo, kama mtu anayeonyesha ngazi na vipandio vyake. Kipandio cha kwanza ni chakula, mwendo na usingizi. Peke yake huwapunguzia watu wengi kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito, na mtu anayedumu nacho tayari amepata faida kubwa, kwa kuwa hata upungufu huo mdogo hushusha shinikizo na sukari. Kipandio cha pili ni dawa. Ziko sindano mpya zinazoiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumeshiba. Katika utafiti wa semaglutide uliotangazwa mwaka 2021, watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 katika majuma 68. Nyingine, tirzepatide, mwaka 2022 ilionyesha upungufu wa takriban asilimia 20 kwa waliotumia vipimo vyake vikubwa. Lakini walioiacha semaglutide walirudisha kama theluthi mbili za kilo walizopoteza katika mwaka mmoja. Hilo linathibitisha yale aliyoniambia: tiba ikisimama, ugonjwa huamka. Kipandio cha tatu ni upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula au kubadili njia yake. Wengi hupungua robo ya uzito wao au zaidi, na hubaki hivyo kwa miaka mingi. Huko Sweden, wagonjwa waliofuatiliwa tangu mwaka 1987 walionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi kuliko wenzao wasiopasuliwa. Lakini anayepasuliwa hupaswa kumeza vitamini na kuonana na waganga maisha yake yote.

Nitawaambia kweli: vile vipandio viwili vya juu sikuvifikia. Sindano zile ni ghali mno kwa mshonaji wa Kadutu, na upasuaji ulihitaji safari na fedha ambazo hatukuwa nazo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni liliingiza sindano za aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene ambao pia wana maradhi ya moyo au ya figo. Natumaini kwamba siku moja bei yake itashuka, kama ilivyoshuka bei ya dawa za ukimwi, ambazo zamani ziliwafikia matajiri tu. Kuomba haki hiyo ni sehemu ya sala yetu. Lakini nilipokuwa nikingoja, nilibaki na kipandio cha kwanza, pamoja na vidonge vya shinikizo na vya sukari.

Nilichofanya ni kidogo, hata naona haya kukisimulia. Sikuacha bugali. Nilipunguza tonge zake kwa nusu, na nafasi yake nikaijaza sombe, lengalenga na maharagwe. Mafuta ya mawese niliyokuwa namimina kwa macho, nilianza kuyapima kwa kijiko. Sambaza nilikuwa nazikaanga. Sasa nazipika kwa nyanya na vitunguu. Sukari katika chai niliipunguza kijiko kimoja kila mwezi mpaka ikaisha, na vinywaji vya chupa vyenye sukari nikaviachia sikukuu. Asubuhi, badala ya kupanda pikipiki hadi mahali ninaposhonea, nilitembea. Mwezi wa kwanza nilitembea dakika kumi tu, nikishika kuta za watu. Milima ya Bukavu ni mwalimu mkali, lakini haidai ada. Baada ya mwaka mmoja nilitembea dakika hamsini bila kusimama.

Na kila Jumamosi nilipima uzito katika kituo cha afya. Huko Marekani, tangu mwaka 1994, watafiti wana daftari la watu waliopungua kilo 13 na zaidi wakadumu hivyo kwa mwaka au miaka. Watu hao walipungua kwa njia mbalimbali, lakini wengi wao hufanana katika mambo machache: hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hujipima mara kwa mara, na hawali namna moja siku za kazi na namna nyingine siku za sherehe. Daktari aliponieleza hayo nilicheka, kwa maana niliyasikia kama kanuni ya watawa: saa maalumu, kazi ya mwili, na kujichunguza dhamiri.

Katika miezi 18 nilifika kilo 94. Kisha mama yangu mzazi alifariki. Wakati wa matanga nililala chini, nikala kilicholetwa na watu, sikutembea, sikujipima. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kilo 101. Jumamosi ile niliyouona uzito huo nilitamani kutorudi tena kituoni. Walionirudisha ni akina mama watatu wa jumuiya yetu ya msingi. Hawakunihubiria. Walikuja saa kumi na mbili asubuhi wakasimama mlangoni, wakasema: «Tunatembea hadi kanisani. Vaa viatu.» Walifanya hivyo kila siku kwa miezi miwili. Mmoja wao ni mwembamba kabisa, hana haja yoyote ya kupungua.

Tangu hapo naisoma kwa namna nyingine ile Injili ya mtu aliyepooza, katika sura ya pili ya Marko. Watu wanne walimbeba mwenzao, na walipozuiwa na umati walifumua dari wakamshusha mbele ya Yesu. Mwinjili hasemi kama mgonjwa yule alikuwa mzito. Hasemi kama wabebaji walinung'unika njiani au walimpa jina la mzaha. Anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, na hakusema juu ya imani ya mgonjwa peke yake. Mimi nimebebwa hivyo.

Leo nina kilo 96. Hesabu ile ya daktari sasa inatoa kati ya 37 na 38, ndiyo kusema kwamba bado ni mgonjwa wa unene. Anayenitazama barabarani haoni ushindi wowote. Lakini shinikizo langu ni 130 kwa 80, sukari imetulia, magoti hayaniamshi tena usiku, na ninaimba nikiwa nimesimama toka mwanzo hadi mwisho wa Misa. Nimepoteza kilo 12, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wangu, na nimezizuia zisirudi. Ninaposali jioni sishukuru kwa kupungua. Nashukuru kwa siku moja zaidi ya kutoacha.

Sasa nirudi kwa mtoto wangu wa ubatizo. Nilimwambia habari yote ya vile vidonge vya ujana wangu. Alilia, kisha akanikasirikia. Akaniuliza: «Mama, kwa nini hukusema? Sisi wasichana tunapeana vidonge hivi hapo uani kwa kanisa, nawe unapita kila Jumapili.» Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona haya, na haya yangu ilikuwa imewaacha wasichana wa parokia peke yao.

Siku ya tatu tulikwenda pamoja kwa daktari. Mimi nilieleza ya kwangu kwanza, mbele yake, ili yeye asiogope kueleza ya kwake. Daktari alivitazama vidonge vyake akasema ni mchanganyiko ambao katika miji yetu wengi huuita C4: deksametazoni na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio, ambayo huleta usingizi na kuamsha njaa. Ya kwanza ni dawa yenye nguvu sana, inayookoa maisha ikitolewa na mganga kwa ugonjwa unaostahili. Ikimezwa ovyo hujaza uso maji na mafuta, hupandisha sukari na shinikizo, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili. Tena, aliyeimeza kwa muda hapaswi kuiacha ghafla bila mganga, kwa kuwa tezi za mwili wake huwa zimelala zikaacha kutengeneza homoni zake, na kuacha kwa ghafla kunaweza kumwangusha. Msikie vizuri, enyi mnaovitumia: msivitupe leo kwa hofu mkanyamaza. Nendeni kwa daktari, mkaseme mmevimeza kwa muda gani.

Nilimuuliza daktari kama vidonge vile ndivyo vilivyoniletea ugonjwa wangu. Alijibu kwa uangalifu kwamba mlango wa unene si mmoja. Kuna damu ya ukoo, kuna uzazi, kuna kuketi kutwa, kuna umaskini unaochagua chakula kwa niaba yetu. Vidonge vinaweza kuwa mlango mmojawapo. Nilifurahi kwamba hakunipa mtu wa kumlaumu. Shangazi yangu amekwisha kufariki, nami namwombea.

Binti aliviacha kwa utaratibu aliopewa. Mwezi wa nane alifunga ndoa, mwembamba kama Mungu alivyomuumba. Kuna walionong'ona kwenye karamu; niliwasikia. Kuna pia mama mkwe ambaye kwa miezi miwili hakuwa na furaha. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekuwa laini. Lakini mumewe alikwenda pamoja naye kwa daktari mara ya mwisho, akasikiliza, na sasa yeye ndiye anayewakataza dada zake.

Vijana wapendwa, mwili si cheo wala adhabu. Tumekabidhiwa, kama talanta katika Injili, na siku moja tutatoa hesabu ya jinsi tulivyoutunza wetu na jinsi tulivyoitazama ya wenzetu. Kanisa lenyewe lina upole katika jambo hili: sheria yake ya mfungo huwahusu wenye miaka 18 hadi wanaoanza mwaka wao wa 60, na mgonjwa hafungwi nayo. Ikiwa u mgonjwa au unameza dawa, zungumza na daktari na padri wako kabla ya kufunga, na utoe sadaka kwa njia nyingine. Ikiwa u mzima, funga kwa siri, wala usiugeuze mfungo kuwa dawa ya kupunguza tumbo. Na ukimwona mwenzako mnene anapanda mlima polepole, usimsifu wala usimcheke. Mpunguzie mwendo, mpande pamoja.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Katika kikundi chetu kuna nani aliyepewa jina la mzaha kwa ajili ya mwili wake, mnene au mwembamba? Tutamwendeaje?

2. Ni maneno gani ya familia zetu yanayowasukuma wasichana na wavulana kumeza vidonge? Nani atathubutu kuyajibu nyumbani?

3. Tunaweza kumbeba nani kwa miezi miwili mfululizo, kila asubuhi, bila kumhubiria?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyetwaa mwili, ukachoka njiani na kuketi kando ya kisima, utufundishe kuutunza mwili bila kuuabudu na bila kuuchukia. Uwape uvumilivu wale wanaotibiwa kwa muda mrefu bila kuona matunda ya haraka. Utusamehe vicheko vyetu na ukimya wetu. Utujalie miguu ya kutembea pamoja na wenzetu, kwa mwendo wao. Amina.